Mashine ya kunyonya vumbi ilitaka kunihamisha nyumba: nilivyopunguza kelele zake hatua kwa hatua

Somo la leo ni la sisi tunaotengeneza bidhaa nyumbani na kuuziana mtandaoni. Kama unauza nguo za mtumba, unaweza kupita, ila kama nyumbani kwako kuna mashine yoyote inayounguruma, kaa chini usome. Ni ndefu kidogo, lakini mimi imeniokolea chumba cha kazi.

Kwa wasionijua: natengeneza vibao vya kukatia mboga, trei za kuandalia chakula na fremu za picha. Natumia mbao za mninga na mkongo. Picha naweka Instagram na status ya WhatsApp, oda zinakuja inboksi, bodaboda anapeleka, wa mikoani nawatumia kwa basi. Karakana yangu ni chumba cha uani kwenye nyumba ya kupanga hapa Dar es Salaam. Hakuna fremu ya barabarani wala kodi ya duka. Hapo ndipo faida yangu inapotoka.

Sasa mwaka jana nilinunua mashine ya kunyonya vumbi iliyotumika. Ni ile ya seremala, mota ya umeme juu ya kigari, feni ya chuma ndani, mpira mnene wa inchi 4 na mfuko mkubwa wa kitambaa. Nilifurahi sana. Vumbi lilipungua, kifua kikapona, vibao vikatoka visafi.

Wiki ya tatu ikagongwa hodi.

Ni dada wa nyumba ya jirani. Yeye ni nesi, anafanya zamu za usiku, kwa hiyo mchana ndio usiku wake. Akaniambia kwa upole kabisa: "Kaka, mimi sina ugomvi na kazi yako. Ila siku ya nne leo sijalala. Juzi nimesinzia nikiwa na mgonjwa mbele yangu."

We acha tu. Niliishiwa maneno. Nikamwomba radhi, nikamwambia naishughulikia. Sikuishughulikia, maana sikujua nianzie wapi na nilikuwa na oda ya vibao 40 vya zawadi za harusi. Baada ya siku tano mwenye nyumba akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu. Nimepokea malalamiko. Mimi nilikupangisha chumba cha kuwekea mbao, sikujua unafungua kiwanda. Nakupa mwezi mmoja. Kelele zikiendelea, utanitafutia funguo zangu."

Mwezi mmoja, na oda ya harusi iko mezani.

KOSA LANGU LA KWANZA: KUIZIMA

Akili ya haraka ikaniambia: zima mashine, fanya kazi bila kunyonya vumbi. Nilifanya hivyo siku tatu. Siku ya tatu usiku nilikohoa mpaka mke wangu akakaa kitandani ananitazama.

Ndugu zangu, vumbi la mbao si uchafu wa kupangusa tu. Mwaka 1995 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, ililiweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Linalotisha zaidi ni lile jembamba usiloliona, linaloelea hewani hata baada ya wewe kufagia na kufunga mlango.

Kwa hiyo nilikuwa katikati ya mambo mawili: nikiwasha mashine namuumiza jirani, nikiizima najiumiza mimi. Hapo ndipo nilipokubali kwamba dawa ni kuitafuta kelele yenyewe inatoka wapi.

KOSA LA PILI: KUITUPA NJE

Nikasema ngoja niitoe chumbani, niiweke uani, nitoboe ukuta nipitishe mpira. Kwangu pakawa pametulia, nikajiona mjanja. Kumbe nimeisogeza karibu na dirisha la jirani. Kwangu pakapoa, kwake pakawaka.

Somo hapo: kuhamisha kelele si kuipunguza. Kabla hujafanya lolote, jiulize unataka kumwondolea nani kelele, na simama pale alipo yeye.

ANZA KWA KUPIMA

Nilipakua programu ya bure ya kupima sauti kwenye simu. Simu si kipimo cha maabara, lakini ukitumia simu ileile, sehemu ileile, kwa umbali uleule, inatosha kukuonyesha kama kazi yako imezaa matunda au unajidanganya.

Nilimwomba yule dada ruhusa nisimame nje ya dirisha lake. Mashine ikiwa uani bila kufanyiwa lolote, simu ilisoma desibeli 74. Nikaandika kwenye daftari la oda. Baada ya kila hatua nilirudi palepale.

Kuna mambo manne kuhusu desibeli ambayo ningependa mtu angeniambia mapema:

1. Desibeli hazijumlishwi kama hela. Mashine mbili zenye kelele ya 85 kila moja zikiwaka pamoja hazitoi 170, zinatoa 88.

2. Ukipunguza desibeli 10, sikio la binadamu linasikia kama kelele imebaki nusu. Ukipunguza 2 au 3, jirani atasema hujafanya kitu, na atakuwa karibu na ukweli.

3. Mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye mashine, unapunguza kama desibeli 6. Kutoka mita 3 hadi 6 ni faida, kutoka 6 hadi 12 ni faida nyingine. Ila nani ana uwanja wa mita 12 Dar?

4. Kwa masikio yako mwenyewe: NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Vizibo vya masikio vya sponji ni bei ndogo. Vaa.

Halafu pima kila mashine peke yake. Hili ni muhimu. Kama msumeno wako wa meza una 95 na mashine ya vumbi ina 85, ukihangaika na ya vumbi, wakati wa kupasua mbao hutasikia tofauti. Kwangu msumeno unawaka dakika chache asubuhi. Mashine ya vumbi inawaka saa nne mpaka tano mfululizo wakati wa kupiga msasa. Iliyokuwa inamkosesha mtu usingizi ni ile isiyonyamaza.

KELELE INATOKA WAPI

Niliiwasha, nikaizunguka kama fundi gari anayesikiliza injini. Zipo kelele nne tofauti ndani ya mashine moja:

Kwanza, mtetemo. Mota inatikisika, inatikisa kigari, kigari kinatikisa sakafu au ukuta, ukuta unatikisa mabati.

Pili, feni. Kila bawa la feni likipita kwenye mdomo wa tundu la hewa linaupiga upepo kofi. Mota yangu inazunguka mara 2,850 kwa dakika, ambayo ni mara 47.5 kwa sekunde. Feni ina mabawa 6. Zidisha: makofi 285 kwa sekunde. Ule mlio mzito wa "uuuuu" unaopenya ukuta ndio huo.

Tatu, hewa. Ikipita kwa kasi kwenye mpira mwembamba, kona kali au upenyo wa kiungo, inapiga mluzi.

Nne, mfuko. Kitambaa kinazuia vumbi, sauti hakiizuii. Kelele ya feni inatokea humo kama vile hakuna kitu.

Kama unatumia vakyumu ndogo ya nyumbani au ya gereji, kwako tatizo kubwa ni mota yenyewe. Zile zina mota ya brashi inayozunguka makumi ya maelfu kwa dakika, ndiyo maana zinalia kama mbu mkubwa. Habari njema: mlio mwembamba ni rahisi kuuzuia kwa sanduku kuliko ule mzito.

Sasa twende kwenye hatua. Nimezipanga kuanzia ya bei rahisi.

HATUA YA 1: ITENGE NA UKUTA NA SAKAFU

Mimi kwa kutaka isianguke nilikuwa nimeifunga kwa skurubu kwenye ukuta. Kosa kubwa. Ukuta ulikuwa umeshika kenchi, kenchi zimeshika mabati, na mabati ya nyumba nzima yalikuwa yanaimba pamoja na mota. Nilikuwa nimeigeuza nyumba kuwa ngoma.

Nikafungua skurubu zote. Nikatafuta kipande kizito cha zege, kama vile vya kupangia njia. Chini ya zege nikapanga vipande vya kandambili kuukuu, tabaka mbili mbili kwenye kona nne. Mashine ikakaa juu ya zege.

Kwa nini kizito juu ya laini? Kitu kizito hakitaki kutikisika, na kitu laini hakipitishi mtikisiko kwenda chini. Ukiweka kandambili peke yake chini ya kigari chepesi, kinarukaruka tu. Kipande cha tairi nacho nilikijaribu, ni kigumu mno kwa uzito wa mashine yangu. Soli ya kandambili ilikuwa bora.

Angalia pia mpira wa kunyonya. Kama umeufunga kwa waya kwenye ukuta, mtikisiko utapita humo. Uning'inize kwa kamba au kipande cha mpira wa baiskeli.

Gharama: karibu sifuri. Dirishani kwa jirani: kutoka 74 hadi 70.

HATUA YA 2: ISAFISHE NA UZIBE MATOBO

Nilifungua feni (umeme umechomolewa kwenye soketi, si kuzima swichi tu). Nikakuta gundi na unga wa mbao vimeganda kwenye mabawa mawili. Feni isiyo na uwiano inatikisa kila kitu, kama tairi la gari lisilofanyiwa balansi. Nikakwangua taratibu kwa kipande cha mbao ili nisiipinde.

Nikakuta pia alama za skurubu iliyowahi kumezwa. Hapo niseme jambo la usalama: usinyonye misumari, skurubu, wala cheche za grainda kwa mashine ya vumbi la mbao. Chuma kikigonga feni ya chuma kinatoa cheche, na cheche ikitua kwenye mfuko wa unga wa mbao inaweza kufuka polepole na kuwaka usiku umelala. Mwaga mfuko kila jioni.

Kisha nikakung'uta mfuko. Ukiziba, hewa inapita kwa shida, unanyonya kidogo, unajikuta unakaa na mashine muda mrefu zaidi kwa kazi ileile. Viungo vyote nikavifunga kwa klipu na silikoni. Kona moja kali ya nyuzi 90 nikaibadilisha kwa mzunguko mpana. Mpira niliupunguza, maana ulikuwa unajikunja chini kama chatu bila sababu. Na usikubali kuunganisha mpira mwembamba kwa muda mrefu kama mashine ni ya inchi 4. Hewa ileile kwenye njia nyembamba inakimbia zaidi, na inayokimbia ndiyo inayopiga mluzi.

Dirishani: kutoka 70 hadi 68. Namba ni ndogo, ila ule mluzi uliokuwa unakera uliondoka.

HATUA YA 3: SANDUKU

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo nilipoharibu mara mbili. Nitakwambia zote ili wewe usirudie.

Nilianza na trei za mayai. Kila mtu mtandaoni anasema bandika trei za mayai. Nilibandika ukuta mzima. Nikapima. Hakuna kitu. Trei ni karatasi nyepesi. Sauti inazuiwa na uzito, na trei haina uzito. Juu ya hapo ni karatasi kavu ndani ya chumba chenye unga wa mbao, yaani umeandaa moto wa kuotea mbali. Nikazibandua.

Kisha nikatengeneza sanduku la kwanza. MDF ya milimita 18, imebana kila upande, nimeacha tundu dogo tu la hewa. Kelele ilishuka vizuri, nikashangilia. Baada ya dakika kama 20 nikasikia harufu. Nikafungua mlango, mota haishikiki kwa moto. Na hata kunyonya ilikuwa imechoka.

Fikiria mwenyewe: mashine inavuta hewa nyingi kutoka karakana na kuitoa kwenye mfuko, ndani ya sanduku. Hewa hiyo lazima itoke. Ukiibana, kunyonya kunakufa na joto la mota halina pa kwenda. Sanduku la mashine ya vumbi lisilo na njia ya hewa ni jiko.

Sanduku la pili ndilo ninalotumia mpaka leo. Kanuni zake ni hizi:

Uzito. Nilitumia MDF ileile ya milimita 18. Ukuta ukiwa mzito mara mbili unazuia kama desibeli 6 zaidi. Plaiwudi nyembamba itakusaidia kidogo tu, hasa kwa ule mlio mzito.

Kubana. Kila kiungo nilipaka silikoni, mlango nikauzungushia sponji ya milango na makomeo mawili ya kuvuta. Usidharau upenyo. Kama matundu yasiyo na kizuizi yanafika asilimia 1 ya eneo la sanduku, sanduku hilo haliwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi, hata ulijenge kwa zege. Sauti ni kama maji, inatafuta tundu.

Ngozi ya ndani. MDF tupu inairudisha kelele ndani, inagongagonga mpaka itafute pa kutokea. Lazima kuwe na kitu cha kuimeza. Nilitumia rokiwulu (ile pamba inayotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa, hutumika kwenye oveni na vyumba vya baridi), unene wa sentimita 5, nikaifunika kwa kitambaa cha pamba ili nyuzi zisipeperuke. Vaa glavu na barakoa ukiikata, inawasha. Wengi watakwambia weka sponji ya godoro. Inameza sauti, kweli, lakini inashika moto haraka na kutoa moshi wa sumu. Karibu na mota, usithubutu.

Njia ya hewa yenye kona. Hii ndiyo siri. Hewa inaweza kupinda kona, sauti inapinda kwa shida, hasa ikikuta kila kona imevikwa kitu cha kuimeza. Nilitengeneza njia kama herufi S kwa vipande vya mabaki ya MDF, ndani nikaivika rokiwulu pande zote. Upana wake nao una hesabu. Mpira wa inchi 4 una kipenyo cha sentimita 10, eneo lake ni kama sentimita za mraba 78. Njia yangu ya kutolea, baada ya kuivika, ina sentimita 10 kwa 25, yaani 250, zaidi ya mara tatu. Hewa inatoka taratibu, haipigi mluzi, na mashine haichoki.

Mota ipate upepo. Njia ya kutolea niliiweka upande wa mota, si upande wa mfuko. Kwa hiyo hewa yote inayotoka kwenye mfuko inapita kwanza kwenye mota ndipo itoke. Mashine inajipoza yenyewe. Siku ya kwanza niliifungua kila baada ya dakika 15 na kushika mota. Baada ya saa nzima ilikuwa ya moto wa kawaida, unaweza kuweka kiganja.

Mdomo uelekee pasipo na mtu. Tundu la kutolea linatazama ukuta wa uzio upande wa barabarani, mgongo wa sanduku ndio unaotazama kwa jirani.

Sanduku lisiguse. Mashine ipo juu ya zege lake, sanduku limesimama pembeni kwa miguu yake yenye kandambili. Mpira unapoingia kwenye sanduku nimeuzungushia sponji laini ya milango, ili usiguse mbao. Ukigusana tu, kazi ya hatua ya 1 imekufa.

Kwa vile mashine iko uani, sanduku nimelipandisha juu ya vipande vya tofali na kulifunika bati dogo lenye mteremko. Mvua ya Dar haina adabu, na MDF ikilowa inavimba kama andazi. Na ndani ya karakana naacha dirisha la upande wa pili wazi kidogo, maana hewa inayovutwa lazima ipate ya kuingia badala yake.

Dirishani kwa jirani: kutoka 68 hadi 58.

Jumla nimeshusha desibeli 16. Kwa sikio ni kama kelele imebaki theluthi moja. Si kimya. Ukisimama pale unaisikia bado, kama friji kuukuu ya chumba cha pili.

HATUA YA 4: RATIBA

Hii haina gharama na ndiyo iliyomaliza ugomvi. Nilimwendea yule dada na daftari langu, nikamwonyesha namba, kisha nikamwuliza: "Dada, wewe ukitoka zamu unalala saa ngapi?"

Akasema saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana.

Mimi miezi yote nilikuwa najitahidi nisifanye kazi usiku, nikijiona mstaarabu, kumbe saa nilizochagua mimi ndizo zilizokuwa zinamuumiza. Tukakubaliana: siku za baada ya zamu ananitumia ujumbe. Siku hizo asubuhi napaka mafuta vibao, napiga picha, nafunga mizigo, najibu wateja. Kupasua na msasa ni kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili jioni. Siku nyingine nafanya nitakavyo, ila kamwe si usiku.

Nikaweka pia swichi karibu na meza. Zamani niliiacha mashine ikiunguruma hata nikiwa naongea na simu, kwa uvivu wa kwenda kuizima. Sasa inawaka pale tu ninapotoa vumbi, pamoja na dakika mbili tatu za mwisho za kusafisha hewa. Muda wa kelele ulipungua karibu nusu bila kupunguza kazi.

Na tusidanganyane, kuna sheria pia. Tanzania ina kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kiwango cha usiku ni cha chini kuliko cha mchana. Ni bora ukamalizana na jirani mlangoni kuliko kumalizana ofisini.

UPANDE WA BIASHARA

Sasa tuongee hela, maana ndicho kilichotuleta hapa.

Vifaa vyote vilinigharimu shilingi 168,000, kwa kuwa baadhi ya MDF yalikuwa mabaki. Kibao kimoja kinaniachia faida ya 12,000. Kwa hiyo kelele yangu ilikuwa na bei ya vibao 14. Kuhama kungenigharimu kodi ya miezi kadhaa mbele, usafiri wa mashine, na wiki nzima bila oda. Piga hesabu yako kwa bidhaa zako, usiogope namba ya jumla.

Kuna faida nyingine sikuitarajia. Zamani mteja akipiga simu nilikuwa nakimbilia barabarani, au namjibu "nitakupigia" halafu nasahau. Oda ngapi zimeniponyoka hivyo sijui. Sasa napokea simu nikiwa mezani. Video fupi za kazi nazo zina sauti ya msasa na maelezo yangu, si mngurumo. Watu wanaangalia mpaka mwisho.

Oda ya harusi ilitoka, vibao 40, siku mbili kabla ya tarehe. Mwezi ulipoisha mwenye nyumba akaja. Akasimama uani, akanyamaza, akasema: "Leo hufanyi kazi?"

Nikamwambia, "Mzee, mashine inawaka hivi unavyoniona."

Akalizunguka sanduku, akaweka mkono juu yake. Akasema, "Haya. Ila uzio wangu usiutoboe." Akaondoka. Kwa mzee yule, huo ni mkataba mpya.

Na yule dada wiki iliyofuata alikuja kuagiza kibao cha mninga cha mama yake. Nilitaka kumpa bure, akakataa. Akalipa nusu, nusu tukaiita fidia ya usingizi.

KWA UFUPI, FUATA MPANGILIO HUU

1. Pima kutoka alipo anayelalamika, andika namba.
2. Pima kila mashine peke yake, shughulika na inayokaa muda mrefu.
3. Itenge na ukuta na sakafu: kizito juu ya laini.
4. Safisha feni na mfuko, ziba viungo, ondoa kona kali.
5. Jenga sanduku zito, lililobana, lenye ngozi ya kumeza sauti isiyoshika moto ovyo.
6. Njia ya hewa iwe pana mara tatu ya mpira, yenye kona, ipite kwenye mota.
7. Shika mota kila baada ya dakika 15 siku ya kwanza.
8. Kubaliana saa za kazi na jirani kwa kumuuliza, si kwa kukisia.
9. Usiizime mashine ili kupunguza kelele huku unaendelea kutoa vumbi. Mapafu hayana spea.

Ukiwa na hela ya hatua moja tu leo, anza na namba 3 na namba 8. Zote mbili ni za bure. Mimi kama ningeanza na hizo, mwenye nyumba asingeniita kabisa.

Mtumie na mwenzako mwenye karakana uani kwake. Kazi njema, na mauzo mema.